Wajaribu Kumi na Wawili wa Semboja

Fundi mmoja wa kompyuta aitwaye Semboja aliandika programu ya simu kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kila asubuhi simu ililia, ikamtaja mgonjwa kwa jina na kumkumbusha kumeza dawa. Hakuiuza. Aliiweka wazi kwa dunia nzima, ili yeyote mwenye ujuzi aifungue, atazame ndani, na arekebishe palipoharibika.

Toleo la kwanza lilitumika katika zahanati moja tu. Sasa toleo jipya lilikuwa tayari, na zahanati arobaini zilikuwa zikilisubiri Jumatatu. Arobaini, ndugu zangu! Semboja alikuwa na furaha hata chakula hakipiti kooni.

Hakuwa mzembe. Jumamosi aliita watu kumi na wawili wajitolee kuijaribu programu kabla haijatoka. Alimwandalia kila mmoja karatasi yenye mambo ya kujaribu, na chini yake akaacha nafasi pana ya kuandika kasoro. Mpango ulikuwa mzuri. Kisha akauharibu kwa ukarimu wake mwenyewe. Alikodi viti. Mkewe akapika pilau. Akawapokea wajaribu mlangoni kwa mikono miwili, karibu, karibu sana, kaa hapa penye kivuli. Sasa niambieni, nani kati yenu amekula pilau ya mtu, akajifuta mikono, kisha akamwambia kazi yako mbovu?

Mmoja alikwama mara tatu, akajisemea labda simu yangu ni ya zamani. Mwingine alipotea katikati, akajilaumu kwamba yeye si msomi. Karatasi kumi na mbili zikarudi zimeandikwa nzuri, safi sana, hongera. Nafasi ya kasoro ilikuwa nyeupe kwenye zote. Semboja aliziona, akaruka kama kijana aliyefaulu mtihani.

Jumapili asubuhi alikwenda kurudisha masufuria aliyoyaazima kwa Bi Mwantumu, mshona sare za shule, ambaye pia alikuwa mmoja wa wajaribu wake. Mama huyu alikuwa mwezi wa nne kwenye dozi ya kifua kikuu, na mama mkwe wake alikuwa ameanza wiki ile. Simu ya nyumba ilikuwa moja. Semboja alimkuta uani kwa jirani, kwenye mapishi ya harusi. Wanawake walikuwa wakionja mchuzi na kugombana kwa sauti. Huyu anasema chumvi hamna, yule anasema nyama bado ngumu, na hakuna aliyenuna. Wageni walikuwa hawajafika. Kila mmoja alitaka aibu iishie pale pale jikoni.

Semboja alisimama na masufuria yake, akakumbuka zile karatasi kumi na mbili zisizo na kasoro. Akamwamkia, kisha akamuuliza kama kweli jana aliiona programu ni nzuri. Bi Mwantumu akaweka mwiko kando.

"Mwanangu," akasema, "jana nilikuwa mgeni wako."

Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu, akamwonyesha. Aliandika jina lake, likakaa. Akaandika la mama mkwe, na la kwake likafutika. Kesho yake simu ingemwita mama mkwe peke yake. Semboja akaliona kosa lake. Alikuwa ameandika kana kwamba kila mgonjwa ana simu yake, ilhali yeye mwenyewe anaishi katika mji ambamo simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Ni zahanati arobaini, na ni nyumba ngapi kama hii? Mtu aliyekaribia kupona angekatisha dawa, na ugonjwa ungemrudia ukiwa mkali zaidi.

Hapo ndipo alipoanza kazi kwelikweli. Aliziandikia zahanati zote akaomba wiki mbili. Akawaita wale kumi na wawili tena, safari hii bila viti vya kukodi wala pilau. Akawaambia kwamba programu hii ni yao, kwamba wageni ni wagonjwa wa zahanati arobaini, na kwamba wakiaibika wataaibika wote pamoja. Kila mtu aijaribu nyumbani kwake, kwa simu yake hiyo hiyo yenye kioo kilichopasuka, pamoja na watu anaoishi nao. Na asirudi mikono mitupu. Alete kasoro.

Mngewaona walivyorudi! Walikuja wakikatizana maneno kama watu waliotoka uwanja wa mpira. Mzee mmoja alishindwa kusoma maandishi kwa jinsi yalivyokuwa madogo. Simu ya mwingine iliisha chaji usiku, ilipowashwa ikakaa siku nzima bila kumkumbusha dawa. Bi Mwantumu peke yake alileta kasoro sita, akizihesabu kwa vidole, na watu wakampigia makofi kwa kila moja. Zilifika thelathini na moja. Semboja aliandika huku akicheka na machozi yanamtoka, maana kila kasoro iliyotajwa pale ilikuwa mgonjwa aliyeokolewa. Akaiweka orodha hadharani. Kabla saa haijaisha, fundi asiyemjua, wa nchi ya mbali, alikuwa amekwisha kuyakuza yale maandishi madogo.

Toleo lilitoka baada ya wiki mbili. Asubuhi ya kwanza, simu ya Bi Mwantumu ililia ikamtaja yeye, akameza. Ikalia tena ikamtaja mama mkwe, naye akameza.

Nawe unayejivunia kwamba wote wanaokuzunguka wanakusifu, ni nani kati yao uliyemfanya mwenyeji kiasi cha kuthubutu kukuonyesha panapovuja?