Mnandi na Samaki wa Lango Jekundu

Hadithi, hadithi!

"Ije tuione!"

Nikidanganya?

"Tutakucheka!"

Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia kule, amka.

Hapo zamani za kale, huko Japani, palikuwa na kijiji cha wavuvi. Hekalu lao lilikuwa ufukoni, na lango lake, jekundu kama pilipili, lilisimama majini. Mila yao ilikuwa hii: samaki wa kwanza wa mwaka haliwi. Aliyemvua humpeleka mwenyewe, akiwa hai, akamwachia apite langoni. Samaki huyo ndiye huwaonyesha wavuvi njia ya kurudi, ukungu ukishuka.

Mwaka huo aliyemvua ni Bi Kinu. Changu mnene huyo! Lakini Bi Kinu alikuwa na haraka zake. Maji yametulia, anataka kuzamia chaza.

Mnandi, ndege mzamiaji, akamwona.

"Shangazi, nipe nikupelekee."

"Hapana."

"Shangazi, utachelewa."

"Hapana, bwana wee!"

"Shangazi, mimi na wewe si wazamiaji wote?"

Bi Kinu akacheka, akampa. Loo! Mnandi akazunguka nyuma ya mwamba, akammeza mzima mzima.

Jioni ukungu ukashuka, mweupe, mzito. Bahari na mbingu zikawa kitu kimoja. Isaku, mumewe Bi Kinu, alikuwa bado baharini. Sauti yake ikasikika akiimba, mara karibu, mara mbali, mara kama yuko mawinguni. Kisha kimya.

Bi Kinu akakimbilia langoni, akapiga makofi mawili kama wanavyoomba kwao, akalia. Kasa akaibuka.

"Samaki hakupita," akasema.

"Nilimpa Mnandi!"

"Nani alikutuma umpe?"

Mnandi, juu ya mwamba, akakana: "Mimi? Nimempeleka!" Akacheua. Harufu ya changu ikajaa pale.

"Basi yumo tumboni," akasema Kasa. "Na leo lazima apite."

Bi Kinu akamkamata Mnandi, akaingia majini mpaka kifuani, akampitisha langoni kwa mikono yake mwenyewe. Mara changu akang'aa mwekundu tumboni, akamvuta Mnandi huyoo, chini ya maji, mpaka ukunguni. Isaku akaona taa nyekundu ikielea chini ya maji. Akaifuata, akaifuata, akaifuata, mpaka ufukoni.

"Kinu, mbona umelowa?"

"Nyamaza, mume wangu. Shuka kwanza nikushike."

Mnandi alivutwa huku na huku usiku kucha. Mpaka leo hukaa mabawa wazi, akijianika. Ukimuuliza, atasema anapunga upepo. Mwongo!

Wanangu, dhamana uliyopewa wewe, itimize wewe. Ukimpa mwingine, anayepotea ni wa kwako.

Ngano nimeitua. Anayeitaka ajitwishe.