Funguo za Kisima cha Bonifasi

Alhamisi, tarehe tisa Mei mwaka 2019, saa kumi na nusu alasiri, Bonifasi Tluway alifumba macho akiwa ameketi kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba yake, na mji mdogo wa Gidasula ukabaki na kisima kisicho na mwenyewe. Mwenye masikio na anisikilize polepole, maana polepole ndivyo ninavyoweza kusema habari hii.

Watatu kati ya watu wa mji ule walikuwa na vipaji. Mungu hunyesha vipaji kama mvua. Haulizi hapa pana mahindi au pana magugu. Mwalimu Qamunga, aliyefundisha michezo katika chuo cha ualimu, alipewa jicho: akihesabu kitu, hesabu yake haipotei. Mzee Lohay, mwenye mashamba, alipewa pua: faida ikiwa bado ni mbegu, yeye ameshainusa. Na Skolastika, mpishi wa sherehe, alipewa ulimi. Huo hauhitaji maelezo. Waliokatwa nao wapo, waulizeni.

Katika watatu hao hakuwamo hata mmoja ambaye Perpetua, mke wa Bonifasi, angempa mtoto amshikie wakati anajifunga kanga. Lakini hao ndio aliowekewa mbele yake.

Siku ile ya Alhamisi mumewe alimwita. Moyo ulikuwa umemchosha tangu Pasaka. Akatoa mfukoni funguo mbili zilizofungwa kwa uzi wa katani, mmoja wa kibanda cha pampu, mmoja wa geti la bomba.

"Mama Tekla," akasema, "hizi mpe mtu mmoja tu. Kisima cha wenyewe wengi hukauka kwa maneno. Mpe yule ambaye bila yeye maji haya yasingekuwepo."

"Si nikae nazo mimi, Baba Tekla?"

"Zikikaa humu, ndugu zangu watakuja kugawana mpaka mabomba. Mpe mtu wa nje. Siku ya arobaini, mbele ya watu. Niapie."

Perpetua akashika rozari yake, akaapa. Kisha akafungua mdomo amuulize, ni nani huyo? Bonifasi alikuwa ameshaondoka. Alikuwa mkimbiaji mpaka mwisho, hakungoja mtu.

Sasa sikilizeni jinsi maji yale yalivyopatikana.

Bonifasi alifika chuoni na mashati mawili na miguu yake. Mwaka wa pili akapelekwa kwenye mashindano ya vyuo, mbio za mita elfu kumi, mizunguko ishirini na mitano ya uwanja. Mwalimu Qamunga alisimama pembeni na punje ishirini na tano za mahindi katika mfuko wa kulia. Kila Bonifasi alipopita, punje moja ilihamia mfuko wa kushoto. Ndivyo alivyohesabu siku zote. Saa na karatasi hakuviamini. Siku hiyo mwamuzi aligonga kengele ya mzunguko wa mwisho kabla ya wakati wake. Bonifasi akachomoka, akawaacha wote, akafika mstarini, akapiga magoti na kufanya ishara ya msalaba. Watu wakashangilia.

"Inuka, punda wewe!" Qamunga akapaza sauti. "Bado punje moja!"

"Mwalimu, kengele imelia!"

"Kengele ina macho? Kimbia!"

Bonifasi akainuka, akakimbia peke yake uwanja mzima, watu wakimzomea kama kichaa. Waamuzi walipofungua daftari lao, walikuta ni kweli, ulibaki mmoja. Wenzake walikuwa wamekaa wanakunywa maji. Zawadi ya mshindi ilikuwa pampu ya kuvutia maji. Msimsifu sana Qamunga. Alikuwa ameweka dau la mbuzi na mwalimu wa chuo kingine, na mbuzi huyo akamla na mkewe. Bonifasi hakupewa hata supu. Lakini bila jicho lile, pampu ingekwenda kwa mtu mwingine.

Bonifasi akaajiriwa kufundisha Gidasula, pampu akaiweka uvunguni. Maji ya mji ule yalikuwa ya chumvi. Chai yake ilikuwa kama machozi. Mzee Lohay alikuwa na bonde la tope na ruba ambamo ng'ombe walizama. Halikuwa na faida kwake wala kwa mtu mwingine. Pua yake ikasikia harufu ya ile pampu.

"Mwalimu kijana," akasema, "naambiwa una mashine inalala vizuri kuliko wewe."

"Ipo, mzee."

"Mimi nina bonde. Wewe lima vitunguu. Nusu yako, nusu yangu. Nakupenda kama mwanangu wa kuzaa."

Wanawe wa kuzaa walikuwa wamemkimbia wote watatu. Bonifasi akachimba mitaro. Pampu ambayo wengine huitumia kuleta maji, yeye akaitumia kuyaondoa. Chini ya tope akakuta udongo mweusi, na chini ya udongo maji matamu. Kwa miaka tisa Lohay alichukua nusu yake akichagua vitunguu vikubwa kwa mkono, kimoja kimoja, kama mtu achaguaye mchumba. Nusu iliyobaki ilimtosha Bonifasi kufungua duka la saruji na mabati, kisha kununua malori mawili, na mwishowe bonde lenyewe. Lakini bila pua ile, asingekanyaga mahali pale penye maji matamu pekee katika mji mzima.

Bonifasi akawa mtu mkubwa. Alipenda kuitwa Mfadhili kwenye vipaza sauti. Marehemu tumwombee, lakini tusimdanganyie. Aligawa mipira, akagawa vikombe, akagawa jezi zenye jina lake mgongoni, herufi kubwa kuliko namba. Katika sikukuu ya parokia, askofu akiwepo, alitoa jezi kwa timu za vijiji saba. Makofi yalipokwisha, Skolastika akasimama na upawa mkononi.

"Bwana Mfadhili, ahsante kwa jezi. Sasa tuelekeze, tuzifue kwa mate?"

Watu wakacheka. Askofu akakohoa ndani ya mkono wa kanzu.

"Shambani kwako vitunguu vinakunywa maji matamu asubuhi na jioni," akaendelea. "Sisi tumekukosea nini, hata cheo cha kitunguu hatuna?"

Bonifasi alirudi nyumbani, akakaa siku mbili ameelekea ukutani, chakula hakigusi. Perpetua aliogopa. Siku ya tatu akaita wachimba visima. Bomba likatoka bondeni likafika katikati ya mji, na kwa miaka kumi na mmoja Bonifasi mwenyewe alilifungua kila siku saa kumi na moja alfajiri, bure, kwa mwenye ndoo yeyote. Msidhani Skolastika aliwaonea huruma wenye kiu. Tekla, mtoto wa Bonifasi, alipopata kipaimara, aliitwa mpishi mwingine. Angeitwa yeye, angekula, angefuta mdomo na kunyamaza. Lakini bila ulimi ule, maji yangebaki kwenye vitunguu.

Arobaini ikafika. Misa ikaisha, watu wakakaa uani na chai. Siku zote hizo Perpetua alikuwa anafungua bomba mwenyewe, lakini asubuhi ile alikuwa hajalifungua. Kiapo kilisema leo ni mkono mwingine. Ndoo zikapangwa mstari kutoka geti la bomba, hapo mbele ya ua, hadi barabarani. Na wale watatu wakaja mbele, kila mmoja ameshaandaa uso wa msiba.

"Pole sana, Mama Tekla," akasema Qamunga. "Mimi nilihesabu wakati wengine wamekaa."

"Ulihesabu mbuzi," akasema Lohay.

"Na wewe ulihesabu magunia," akasema Skolastika. "Mimi peke yangu ndiye niliyelitaja neno maji. Ninyi mlitaja nini? Nyama na vitunguu!"

"Ungetaja maji gani bila pampu, wewe mama wa masufuria?"

"Na pampu ungeichomeka wapi bila bonde langu, mwalimu? Mfukoni, kwenye mahindi yako?"

Wakarushiana maneno hivyo, msalaba wa marehemu haujakauka rangi. Perpetua aliwatazama kama mtu anavyotazama inzi kwenye maziwa. Akajiuliza moyoni: Mungu wangu, hawa ndio uliowatumia? Wema wote ule ulipita kwenye mbuzi wa dau, vitunguu vya kuchaguliwa na kinyongo cha jikoni?

Akawauliza swali moja tu: "Nikikupa funguo, utafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili," akasema Qamunga, "watu wakishapanga mstari na kuhesabiwa. Asiyeniamkia atachota mwisho." Na ni kweli, chini ya jicho lake hakuna ambaye angerukwa, wala ambaye angechota mara mbili.

"Nitafungua kukiwa na sababu ya kufungua," akasema Lohay. "Maji ya bure yanaharibu watu. Wachangie kidogo tu, ya grisi." Na ni kweli, mashine yake ya kusaga ilikuwa na miaka thelathini na haijawahi kulala kwa ubovu. Kwake pampu isingekufa.

"Mimi nitafungua usiku na mchana," akasema Skolastika, "ila si kwa ukoo wa Bayo, wala kwa wanakwaya, wala kwa yule jirani yangu." Hao ni nusu ya mji. Na ni kweli, yeye peke yake hanunuliki, na ndugu wa Bonifasi wasingethubutu kuyagusa mabomba akiwa amekaa pale.

Perpetua akamgeukia padri.

"Kiapo ni kiapo, mama," akasema padri, akaongeza sukari kwenye chai yake.

Basi Perpetua akasimama, funguo mkononi. Akitoa kwa mmoja, wawili watadhulumiwa, kwa maana bila kila mmoja wao hapana tone. Asipotoa, amevunja kiapo cha mtu aliyekufa akimtazama. Na wanawake wenye ndoo wanamwangalia yeye, hawawaangalii wale.

Ninyi mliosikia, msiniambie nani ni mwema, mwema hayumo. Niambieni, jicho, pua au ulimi: mkono wa Perpetua ungekuwa wako, ungeunyoosha kwa nani?

Jibuni taratibu. Na kabla hamjabishana, tumwombee. Ee Bwana, mtumishi wako Bonifasi alipenda kusifiwa, nawe unajua. Lakini aliwaamkia wenye kiu kabla ya jua. Umsamehe lile, umkumbuke kwa hili. Umpe raha ya milele, na mwanga wako umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.