Zamu ya Jumatano

Mtu mmoja alikuwa na boma lisilo na ng'ombe. Jina lake lilikuwa Chilongani, na boma lake lilisimama katika nchi kame, mwendo wa nusu siku kutoka kijiji cha karibu. Ndani yake waliishi watu arobaini, wake kwa waume, wote wakimwogopa fisi mmoja.

Msicheke. Fisi huyo aliwahi kuwapo. Mwaka wa njaa alimchukua mtoto wa Nyemo, binti wa miaka miwili, aliyekuwa amelazwa juu ya kanga pembeni mwa shamba huku mama yake akipalilia. Watu walimfariji Nyemo siku tatu. Siku ya nne wakarudi kwenye majembe yao. Dada yake, Sechelela, naye akarudi kwenye jembe lake, na hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote. Aliyekuja siku ya nne, na ya tano, na ya kumi, ni Chilongani peke yake. Hakumwambia Nyemo kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Alimwambia kwamba fisi yule bado anazunguka, na kwamba sasa analijua jina la Nyemo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyemo akamfuata.

Boma lilijengwa kwa nyumba za wenyewe. Kila aliyeingia alibomoa kwake akaleta miti: mlango, mapau, hata nguzo ya kati. Ikasimikwa, ikashonewa miiba. Mwaka hata mwaka ukuta ukanenepa, na watu wakalala bila dari. Aliyetamani kurudi kwao alikumbuka kwamba kwao hakupo tena, kumekuwa ukuta.

Na kila asubuhi palikuwa na nyayo mpya za fisi nje ya lango, zimelizunguka boma lote.

Sechelela alifika kumchukua mdogo wake siku ileile walipokuwa wakiliziba lango. Jua lilikuwa utosini. Hapakuwa na moshi wala kuku. Watu walinong'ona, wameupa ukuta migongo, maana iliaminika kwamba anayechungulia nje, fisi amekwisha kumwona. Chilongani alikuwa ametangaza kwamba fisi asipoona mtu kwa siku ishirini atakufa kwa njaa. Kisima kilikuwa nje, kule mtoni. Ndani palikuwa na mitungi sita ya maji kwa watu arobaini. Sechelela aliitazama mitungi ile, akajua kwamba mdogo wake hataziona siku ishirini.

Akamshika mkono, akamwonyesha mchanga wa nje ya lango. Kabla ya kuingia alikuwa amezitazama zile nyayo, na zote zilikuwa za mguu mmoja, mguu wa mbele wa kulia, umerudiwarudiwa. Mnyama gani huyu anayetembea kwa mguu mmoja? Nyemo hakushtuka. Alimvuta dada yake kando, akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kanga.

"Dada, hizo za leo nimezichapa mimi. Chilongani ana mguu wa fisi uliokauka, ameufunga kwenye fimbo. Zamu yangu ni Jumatatu. Jumatatu fisi hupita bila kugusa chini, basi ninasaidia, ili wenye imani haba wasisahau. Siku nyingine zote anakanyaga mwenyewe."

"Umewauliza wenzako?"

"Hatuulizani," Nyemo akasema. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kuu ya boma lile.

Sechelela aliona baridi juani. Alimsihi, akalia, akamtajia marehemu mama yao. Mwisho walimsukuma nje, naye akaona kwa macho yake mti wa mwisho ukisimikwa langoni. Ilikuwa nguzo ya kati ya nyumba ya Nyemo. Ilikuwa bado na doa jeusi pale taa ya kibatari ilipokuwa ikitundikwa, juu ya kitanda cha yule mtoto. Nyemo mwenyewe ndiye aliyeishindilia, kutoka ndani.

Kijijini watu walibishana siku nne. Ni watu wazima, wakasema, wamejifungia kwa hiari yao. Siku ya sita Sechelela alirudi na wanaume watatu na mashoka. Alilizunguka boma lote asione hata alama moja. Tangu lango lizibwe hakuna aliyetoka kuchapa, na mchanga ulikuwa laini, umepigwa na upepo tu. Walio ndani hawakuweza kuliona hilo.

Akaanza kukata kwenye ile nguzo yenye doa. Tundu lilipotosha kichwa, akapaza sauti akawaambia kwamba mchanga ni mtupu, siku zote sita mtupu. Aliwaona wameketi, midomo imepasuka, na karibu na ukuta palikuwa na vifusi vitatu vya udongo mbichi. Akadhani amechelewa. Ndipo akasikia sauti ya mdogo wake, imekauka, haimsemeshi yeye.

"Mimi ni Jumatatu. Mwingine nani?"

Kisha mzee mmoja, bila kuinua uso, akasema, "Ijumaa." Mwanamke aliyeketi bega kwa bega naye akamgeukia, akamtazama kama anamwona leo, akasema, "Jumapili." Jumanne ikajibu. Alhamisi ikajibu kwa kilio. Jumamosi ikajibu. Watu ambao hawakuwahi kupewa zamu yoyote walisikiliza fisi akinyang'anywa siku zake moja baada ya nyingine, na baadhi yao wakaanza kutambaa kuelekea kwenye tundu.

Chilongani hakuwakemea. Yeye ndiye aliyekuwa akizigawa zamu, na alijua yupi amelala chini ya kifusi kipi. Aliuliza tu, taratibu, "Na Jumatano?"

Jumatano haikujibu.

Mashoka yakalipanua tundu, Nyemo akatoka, na wengi wakatoka nyuma yake. Lakini wako waliorudi pale walipokuwa wameketi, wakaupa ukuta migongo, kwa ajili ya ile siku moja. Sechelela alikuwa bado anamnywesha mdogo wake maji kwa kiganja aliposikia mikono ikiliziba tundu kutoka ndani.

Nanyi mnaosema wale walikuwa wajinga, kumbukeni kwamba kila mmoja wa wale saba wenye zamu aliujua uongo wa siku moja, akaziamini sita. Basi wewe unayeijua zamu yako, lini ulimuuliza jirani yako ya kwake?