Maji Aliyoyapuliza Tusekile

Wahenga hawakung'ata maneno waliponena kwamba mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba mwenye kuona haya kufunua shida yake asitarajie nafuu, wala asimlaumu mtu mzigo ukimlemea. Tusekile wa Ilomba aliijua methali hiyo tangu utotoni, na mara nyingi aliwaasa wenzake kwayo. Lakini kujua ni jambo moja, kutenda ni jingine!

Mumewe, Mika, aliuawa kwa mpini wa jembe katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyempiga ni jirani yao, Alinanuswe. Alitumikia kifungo chake, na katika baridi kali ya Juni mwaka 1977 akarudi nyumbani, amekonda, kikohozi hakimwachi. Kwa desturi ya Wanyakyusa, waliokoseana namna hiyo hawaishi jirani hivi hivi. Hukutanishwa, kila mmoja akatoa kinyongo chake kwa maneno mpaka kiishe, ndipo hupiga funda la maji na kuyapuliza chini. Maji bila maneno ni kazi bure.

Siku ya kukutana, Matilda, dada wa marehemu, alimpa Tusekile kibuyu cha maji. "Haya wifi, sema kwanza."

Watu walikuwa wamejaa uani. Tusekile, kiongozi wa kwaya, mama wa kupigiwa mfano, angeanzaje kufoka mbele ya kadamnasi? Akatabasamu. "Mimi sina neno. Nilikwisha samehe." Akapuliza maji, watu wakapiga makofi. Matilda peke yake hakupiga.

Tangu hapo Tusekile hakuwa na raha. Alinanuswe akikohoa ng'ambo ya ua, sufuria ilimponyoka mkononi. Akienda sokoni Mwanjelwa alizunguka njia ndefu ya mabondeni ili asipite mlangoni kwake. Usingizi ulimpaa. Mwanawe Timotheo, kijana aliyekwisha ota ndevu, alimwuliza, "Mama, una nini?"

"Baridi tu, mwanangu."

Baridi gani hiyo inayomtetemesha mtu jikoni, mbele ya moto? Timotheo hakuwa mtoto. Aliona, akajijibu mwenyewe.

Asubuhi moja Tusekile alisikia sauti ya chuma juu ya jiwe. Akachungulia nyuma ya nyumba. Timotheo alikuwa akinoa panga, na makali yake yalikwisha kuwa meupe.

"Unanoa ya nini?"

"Ni la kukatia majani ya migomba."

"Na panga la migomba si lile pale ukutani?"

Kijana hakuinua macho. "Mama, wewe unatetemeka kila siku. Baba hayupo. Unataka nani akuondolee hofu hiyo?"

Mume alikwisha kwenda, na sasa mwana alikuwa akielekea kitanzini kwa miguu yake mwenyewe! Tusekile alitoka mbio bila kanga ya kichwani hadi kwa Matilda.

"Wifi, nisaidie! Yale maji niliyatema tu. Moyoni hakikutoka kitu."

"Nilijua," Matilda akasema, akijifunga kibwebwe. "Ulituimbia kwaya siku ile. Leo utasema."

Watu wakaitwa tena. Alinanuswe aliketi juu ya kigoda, kichwa chini. Timotheo alisimama langoni, panga mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia aliweke. Tusekile alipokea kibuyu, mikono ikamtetemeka hata maji yakamwagika. Safari hii hakuificha.

"Alinanuswe," akasema, "niliomba ufie gerezani. Kila Jumapili nilifumba macho, watu wakadhani namwombea marehemu, kumbe nakuombea kifo wewe. Ukikohoa, namsikia Mika akianguka. Nakuogopa! Nakuchukia! Na nimechoka, jamani, nimechoka!" Akalia kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku ya maziko.

Alinanuswe naye machozi yalimtoka. "Mama Timotheo, sina la kujitetea. Mpini ule bado nauhisi mkononi, hata nikimega ugali. Mika siwezi kumrudisha. Niambie nifanye nini."

"Rudisha mpaka wa shamba pale alipouweka yeye. Shamba lake limeota magugu, ulilime mpaka niseme basi. Na usipite karibu na nyumba yangu bila kupiga hodi, nijue ni wewe."

"Nitafanya."

Tusekile akapiga funda, akapuliza, Alinanuswe naye vivyo hivyo. Kisha Timotheo akatoka langoni. Watu walishika pumzi. Alifika mbele ya mama yake, akalaza panga chini, akakinyooshea mkono kibuyu.

"Na mimi nina neno," akasema. "Kesho alfajiri nilikuwa namwua mtu huyu. Mama, ulivyonyamaza, nilidhani unanituma mimi."

Akapuliza maji. Tusekile aliketi palepale chini, anahema, jasho linamtiririka katika baridi ile. Matilda akamfuta uso kwa pindo la kanga yake.

"Hongera wifi, umejifungua salama," akamwambia. "Tena safari hii umezaa mtu na ndevu zake!"

Watu wakacheka huku wanalia, naye Tusekile akamkumbatia mwanawe aliyemzaa mara ya pili. Angeendelea kutabasamu na kujistahi, siku ya pili yake angemzika jirani na kumpoteza mwana. Kweli, mficha uchi hazai.