Komeo la Nyumba ya Kidawa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, waliishi kindi wawili, mtu na mkewe. Mume aliitwa Mashavu, mke aliitwa Kidawa, na walikuwa na mapacha wachanga, hata macho hawajafumbua.

Asubuhi moja komeo la mlango wao likavunjika, ka! Mashavu akachonga jipya, akachukua nyundo na misumari. Lakini kila alipogonga, mlango ulicheza, ukafunguka kwa nje, na komeo likamwangukia mguuni.

"Uwii! Mama Pacha, nakufa!"

"Hufi, mume wangu. Lete kidole." Kidawa akakipuliza, fuu, fuu. "Mlango huu unataka mtu mzito auegemee kwa nje, utulie. Mimi na wewe tu wepesi mno."

Mara wakasikia sauti nene.

"Hodi humu! Nasikia leo hamna komeo."

Alikuwa Fisi! Mashavu akaangusha nyundo. Kidawa akawatazama wanawe waliolala, akauvuta mlango, akapaza sauti:

"Shemeji Fisi! Mungu ndiye aliyekuleta! Egemea mlango upesi, usiuachie!"

"Kwa nini?"

"Nyuki! Nyumba nzima nyuki! Wakitoka, wa kwanza kukutana nao ni wewe!"

Akamkonyeza mumewe. Mashavu akajaza pumzi, akavuma, "Vuuuuu! Vuuuuu!"

"Mama yangu! Basi mimi nakimbia!"

"Ukikimbia mlango utafunguka, na nyuki wana mbio kukushinda. Egemea, Shemeji! Sisi tumejifunika blanketi, tunatia komeo sasa hivi."

Fisi akageuka, akaubana mlango kwa mgongo wake mpana. Mlango ukatulia tuli. Kidawa akaokota nyundo. Ko! Ko! Ko!

"Bado tu?" Fisi akauliza, anahema.

"Bado kidogo. Sogea kushoto. Hapo hapo! Loo, una nguvu wewe!"

"Kweli?" Maskini, hakuna aliyewahi kumsifu. Akazidi kubana.

Ndani, Mashavu pumzi zikamwishia. "Vuuu... kho! Kho!"

"We Kidawa! Nyuki anakohoa?"

"Moshi, Shemeji! Tunawafukiza!"

Ko! Ko! Msumari wa mwisho ukaingia. Kidawa akalisukuma komeo tunduni, kacha! Akakaa chini. Mashavu akamkumbatia, akamfuta jasho usoni, na wote wawili wakaangua kicheko.

Nje, Fisi akatega sikio. "Ala! Mnacheka na nyuki?"

Akaung'ata mlango ukingoni, akavuta. Wapi! Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Meno yakateleza, akaanguka chali, puu!

"Pole, Shemeji," Kidawa akasema kutoka ndani. "Na ahsante sana. Bila mgongo wako leo tungelala mlango wazi."

Fisi akajikung'uta vumbi, akaenda zake ananung'unika. Kidawa akapanda kitandani, akawanyonyesha wanawe, na Mashavu akainjika uji.

Mmeona, wajukuu zangu? Aliye mdogo si lazima awe na nguvu, ilimradi ajue kuzitumia za mwingine.