Gari Lililolala Nje

Apa kwanza. Sema kwamba haya nitakayokuambia hayatatoka kinywani mwako, hata ukiwa saluni, hata ukiwa kwenye foleni ya maji na wote wamenyamaza wanangoja mtu aanze. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa. Niliapishwa jikoni kwa Namkunda, nimeshika kikombe chake cha chai, nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu. Marehemu mama yangu alinijua vizuri, hatashangaa. Sasa sikiliza.

Mtu mmoja alikuwa na jicho moja. La pili liliharibiwa na cheche ya chuma alipokuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jina lake Chediel, mume wa huyo Namkunda, na tangu alipoacha mageti kazi yake ilikuwa kutengeneza magari madogo. Sisemi yale ya watoto, ya waya na vizibo vya soda. Alitengeneza magari ya mashindano ya zamani, yale yaliyokuwa yakipita hapa mjini kwetu kila mwaka na kutuachia vumbi la wiki nzima. Kila moja lilikuwa na urefu wa kiganja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Analichonga gari kwa mti laini mpaka liwe sawa. Analizamisha ndani ya mpira ulio majimaji, mpira unaganda, anaukata na kulitoa, na ndani panabaki shimo lenye sura ya gari. Hiyo ndiyo kalibu. Humo anamimina rezini, ile gundi nzito ambayo ikikauka inakuwa ngumu kama pembe. Wewe utadhani amemaliza. Hapo ndipo anaanza. Anaziba vitundu vilivyoachwa na hewa, anapiga tupa, anapiga msasa, anapaka rangi, anapiga msasa tena juu ya rangi aliyopaka jana. Vioo vya taa alivikata kwenye paketi za vidonge vya presha vya mkewe. Mikanda ya viti ilikuwa utepe wa zawadi ya harusi. Namkunda alikuwa anasema, huyu mwanamume hajawahi kunitazama mimi karibu namna ile.

Gari ninalokuambia lilikuwa jeupe, lenye boneti nyekundu na namba ishirini na saba mlangoni. Alilifanya kwa miaka miwili. Lilipotoka, kalibu ilichanika, na lile la mti lilikuwa limeshavunjika, kwa hiyo likabaki hilo moja tu duniani. Na lisingekuwepo jingine, kwa sababu daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho lililobaki nalo linaondoka.

Mlango wake wa kushoto ulikuwa umebonyea. Watu waliolitazama walidhani ni kosa la mkono. Halikuwa kosa. Mwaka ule wa mvua kubwa, gari lenyewe, lile la kweli, lilikwama kwenye korongo letu. Vijana walishuka kulisukuma, na mmoja wao alikuwa Seuri, kaka yake Chediel. Gari likateleza, likambana Seuri kwenye jiwe. Mlango ukabonyea. Wakalitoa, dereva akapunga mkono akaenda, maana mashindano hayangoji mtu. Seuri alikufa siku ya tatu. Hakuna kitabu kilichomwandika, wala kibao. Palipokuwa na jina lake ni pale tu, kwenye ule mlango, na aliyejua kulisoma alikuwa mtu mwenye jicho moja. Hata tope lililopakwa kwenye magurudumu ya lile gari dogo lilikuwa udongo wa korongo lile lile, ameusaga akauchanganya na gundi.

Basi ikasikika kwamba kule mkoani wanajenga jumba la kumbukumbu ya mashindano yale. Wangechagua fundi mmoja, gari lake likae ndani ya kioo, na chini yake kiandikwe kibao: nani alilitengeneza, na habari ya gari lenyewe kama atakavyoieleza yeye. Chediel hakutaka kingine. Alitaka, kabla giza halijamfika yeye, Seuri aandikwe mahali.

Jirani yake aliitwa Kirumbe. Mzee wa kanisa, mshika kengele, mtoa mabenchi. Mabenchi yote ya mbele ni yake, na tulikaa juu yake tukijua hivyo. Biashara yake ni saruji. Anamimina nguzo za baraza, zile zenye viuno, na simba wa kuweka getini. Mambo ya kalibu anayajua tangu ujana.

Siku ya send-off ya binti yake Nakijwa, alikuja kwa Chediel na uso wa upole.

"Baba Eli, niazime hilo gari, wageni waone mezani kwamba tunaishi na watu wenye mikono."

Utamnyimaje jirani siku ya binti yake? Chediel alilifunga kwenye kitenge akampa. Sherehe ilikuwa ya siku moja. Gari lilikaa siku tisa.

Lilirudi likiwa limeoshwa. Hapo ndipo ninapovunja kiapo changu. Namkunda alilinusa kama anavyonusa nyama ya buchani. Lilikuwa linanuka mafuta ya mgando, yale tunayopaka watoto wakati wa baridi, na mafundi wa kalibu hupaka kitu kisigandie ndani. Kwenye matundu ya taa palikuwa na chembe nyeupe za mpira, na kioo kimoja cha pembeni kilikuwa kimekatika.

"Chediel," alisema, "gari hili limelala nje."

"Lilikuwa kwa Baba Nakijwa."

"Ndiyo ninachosema."

Naye akaniapisha nisiseme, kwa kuwa mzee wa kanisa hashtakiwi kwa harufu. Nikanyamaza. Nilinyamaza kama siku nne hivi.

Haikupita miezi miwili, Kirumbe akatoa gari. Jeupe, boneti nyekundu, namba ishirini na saba. Akaliweka ofisini kwake juu ya velvet, akasema ni kazi ya mikono yake aliyoifanya kwa kimya, hakupenda kujitangaza. Na mlango wa kushoto umebonyea.

Chediel akaenda kwa wazee wa kanisa. Nasema haya na mpaka leo damu inanichemka. Watu wazima sita, wenye wajukuu, walimketisha pale kwenye benchi la Kirumbe, wakamsikiliza, kisha mmoja akamwuliza, "Kwani wewe Chediel, na wewe si uliiga gari la watu? Lilitengenezwa hapa kwetu?" Wakacheka. Wakaona wamemmaliza.

Chediel akawajibu, "Mimi niliangalia. Yeye amemimina."

Hawakuelewa, au walielewa wakaona mabenchi. Wakamwambia asilete wivu nyumbani mwa Mungu, na kwamba jicho lililo gonjwa huona wezi kila mahali. Neno hilo lilisemwa. Mimi namjua aliyelisema, na mke wake namjua, na siku nikikasirika zaidi ya leo nitamtaja.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu siku hiyo kila mtu analeta kazi ya mikono yake, tunaiombea, kisha tunapiga mnada nje: mahindi, mikungu ya ndizi, mayai, jogoo anayekataa kunyamaza wakati wa neno. Mwaka huo alialikwa mgeni kutoka kule kwenye jumba la kumbukumbu, mama mmoja wa makamo anaitwa Perpetua, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Kirumbe alileta gari lake kama sadaka, juu ya velvet. Chediel alileta lake, kile kioo cha pembeni ameshakirudishia, juu ya gunia. Yakawekwa mezani pamoja, mbele ya kila mtu, na kwa kweli ungeyatazama usingesema lipi ni lipi.

Mama Perpetua aliinama. Akauliza, "Huu mlango umebonyea kwa nini?"

Kirumbe alijibu upesi. "Lilitoka hivyo kiwandani."

Akamgeukia Chediel. Chediel akaugusa ule mlango kwa kidole. "Hapo alikuwa kaka yangu," akasema. Akamweleza yote, korongo, jiwe, siku ya tatu. Jogoo alinyamaza. Lakini wale wazee sita walitazamana, na mmoja akanong'ona kwamba hadithi kila mtu anayo.

Mama Perpetua akatoa kipimo cha chuma kwenye mkoba. "Tutajua," alisema. "Rezini ikikauka husinyaa. Kidogo tu, chini ya unene wa ukucha. Anayechonga kwa mkono huliongeza lake tangu mwanzo. Lakini gari lililotolewa kwenye gari jingine hutoka dogo kuliko lenzake, kila upande. Nitayapima."

Nilimtazama Kirumbe. Miaka thelathini amemimina saruji, na nguzo ya baraza haijamdhihaki hata siku moja, inatoka kama ilivyoingia. Hili la kusinyaa hakulijua. Rangi aliipata sawa, namba aliipata sawa, hata tope alilichora kwa brashi. Hakujua kwamba kila achukuaye namna ile hupokea pungufu ya alichochukua.

Akasimama. Akashika kola ya koti.

"Mchungaji," akasema, "jambo zito kama hili haliamuliwi kwa vyuma. Tuliombee kwanza."

Watu wakasema naam, mzee amenena. Umeona? Hata hapo. Wakasema amenena.

Tukasimama. Mchungaji akainua mikono, akaanza na mvua, akaenda kwa wagonjwa, akapita kwa wasafiri, akaelekea serikalini. Kanisa zima limeinama. Wale wazee sita wamefumba mpaka nyuso zimekunjamana. Chediel amefumba jicho lake moja, na mkono wa Namkunda uko begani kwake.

Sasa hili la pili nalo uliapa hutalitoa. Mimi huwa sifumbi. Tangu mwaka ule nilipoibiwa kuku wangu wa mnada katikati ya Baba Yetu, naiombea dunia huku nikiitazama. Mungu ananijua na tumekubaliana.

Kwa hiyo nilimwona. Alisogea hatua moja, kama mtu anayepumzisha mguu. Halafu nyingine. Midomo yake ilikuwa inasema naam Bwana, naam Bwana. Akanyoosha mkono wa kulia mpaka kwenye gunia, akaliinua gari la Chediel taratibu, kwa vidole viwili. Akanyoosha wa kushoto kwenye velvet, akaliinua lake. Akaanza kuivusha mikono mmoja juu ya mwingine, ili dogo liende kwenye gunia na kubwa lije kwenye velvet, na kipimo cha yule mama kimseme kwa uongo mtu asiye na kosa, na Seuri azikwe mara ya pili.

Mchungaji alikuwa bado kwenye wizara. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti niliyokuwa naitumia zamani kuita ng'ombe:

"Amina."

Unajua watu wetu. Wakisikia amina wanaitika, hawaulizi imetoka wapi. Kanisa lote likanguruma amina, na macho mia tatu yakafunguka pamoja.

Kirumbe alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono imepishana kama msalaba, gari katika kila mkono. Velvet tupu. Gunia tupu. Midomo yake ilikuwa imebaki kwenye naam. Kwenye vidole vya mkono wa kulia palikuwa na udongo mwekundu umemgandia, udongo wa korongo, kwa maana jasho lilikuwa limemtoka na gundi ilikuwa imelegea; na mkono wa kushoto, ulioshika tope la brashi, ulikuwa msafi kabisa.

Mama Perpetua alikirudisha kipimo mkobani. Chediel hakuwa ameona, alikuwa anauliza polepole, "Nini? Kuna nini?" na Namkunda akamwinamia sikioni.

Nawauliza ninyi mliokuwepo, na ninyi mnaokaa kwenye mabenchi ya namna ile mahali pengine: miaka yote hiyo tuliyokuwa tumefumba macho mbele yake, tulikuwa tunaomba, au tulikuwa tunampisha?