Gunia Lililokohoa

"Apigaye yowe ana pumzi." Mmelisikia neno hilo leo, mkacheka, na sasa mnauliza limetoka wapi. Kaeni sawasawa. Lilitoka kwenye mashine ya kusaga mahindi.

Huko milimani Usambara alikuwapo fundi cherehani, jina lake Sikudhani, aliyehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza kwa siku tatu nzima. Cheti alikitundika ukutani kama picha ya harusi, na kijiji kikamwita Daktari, kwa kejeli isiyofichwa.

Asubuhi moja ya masika, ukuta wa mashine uliporomoka juu ya watu waliopanga foleni. Sikudhani alifika mbio, mkoba wa bandeji begani. "Anayeweza kutembea aende pale bombani!" alipaza sauti, kama alivyofundishwa. Wengi wakajikongoja hadi bombani.

Waliobaki chini walikuwa wachache, na mmoja wao alisikika kwa niaba ya wote. Mzee Shekiondo alikuwa amebanwa mguu na matofali. "Nakufa! Jamani, nakufa mimi!" Watu saba walimzunguka. Mmoja alimpepea, wawili walilia naye, na hakuna aliyekumbuka kuondoa matofali.

Balaa ni kwamba mzee huyo alikuwa baba mkwe wake Sikudhani. Na kwao mkaza mwana hampiti baba mkwe bila kupiga goti, seuze akiwa anakufa.

"Mkaza mwana! Njoo hapa!"

Sikudhani akapiga goti, akautazama mguu. Damu ilikuwa kidogo. "Shikamoo, baba. Toeni matofali, ninyi, muubane mguu kwa kitambaa safi. Nakuja." Akainuka, akampita.

"Ananiruka! Mimi! Ukoo gani huu nilioutolea ng'ombe?"

Sikudhani alimwuliza jirani, "Nani amenyamaza?"

"Hakuna, Daktari. Pale ni magunia ya unga tu."

Akayatazama magunia. Moja lilikuwa limevaa kandambili.

Alikuwa Kilua, mwendesha mashine, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi nyayo, na kifua hakikutikisika. Sikudhani alimfungua kinywa, akatoa kwa kidole donge la unga na matope, akainua kidevu, akasikiliza. Kimya. Nyuma yake matusi ya mzee yalikuwa yameshafika kwa babu zake Sikudhani, mmoja mmoja. Sikudhani akampulizia Kilua pumzi, mara ya kwanza, mara ya pili.

Gunia likakohoa.

Akamlaza ubavu, akamwacha jirani amwangalie, akarudi kwa mkwewe.

"Kwa nini uliniacha?"

"Baba, umetukana vizazi vitatu bila kupumzika. Nikajua mapafu ni mazima."

Mzee aligeuza shingo. Akamwona Kilua, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akawageukia wale saba.

"Mnanitolea macho ya nini? Apigaye yowe ana pumzi! Nendeni kwa walionyamaza."